Pikipiki inalia kama kopo la misumari, na fundi anataka kufungua injini

Shikamoo Mzee Fundi,

Nakusoma siku nyingi ila leo ndiyo mara ya kwanza kukuandikia. Nina pikipiki ya cc 150, silinda moja, inayopozwa kwa hewa. Ina miaka 4 na siyo kwamba nimeitupa: oili nabadilisha kwa wakati, cheni nasafisha na kupaka mafuta, tairi zina upepo. Sasa imepata ugonjwa ambao umeninyima raha ya kuiendesha.

Ni mlio. Chukua kopo la rangi lililokwisha, tia misumari mitatu, litikise. Ndivyo inavyolia, na sauti inatoka chini upande wa ekzosi. Asubuhi haipo. Naiwasha, inanguruma vizuri, naondoka. Baada ya kama dakika 10, ekzosi ikishashika moto, mshale wa mizunguko ukifika 4,000 mlio unaanza: cherrrrr! Ukipita 4,600 unakatika kama mtu amezima swichi. Kwa bahati mbaya hapo katikati ndipo mwendo wangu wa kila siku ulipo. Watu wanageuka kunitazama.

Nimekaza kila nati niliyoiona. Zile za shingo ya ekzosi, pale inapoingia kwenye silinda, nimezikaza mpaka spana ikateleza mkononi. Nilifunga waya wa chuma kati ya sailensa na fremu, ukakaa siku mbili ukakatika. Nikachomeka kipande cha raba ya tairi, kikaanza kunuka, nikakitoa. Siku moja nilishangilia nikijua nimepona, kumbe nilikuwa nimempakia mdogo wangu. Na ndivyo ilivyo hadi leo: akipanda nyuma mlio haupo, akishuka unarudi. Mke wangu anasema pikipiki inamwonea haya shemeji.

Fundi wa kwanza aliitazama tu akasema sailensa imeoza ndani, ninunue nyingine. Wa pili akasikiliza nusu dakika, akasema hizo ni valvu, nimwachie siku tatu afungue injini. Injini yenyewe haijapungua nguvu, haili oili, haitoi moshi.

Labda niseme na hili: ilianza wiki moja hivi baada ya kubadilisha tairi la nyuma. Aliyebadilisha alifungua bolti ya sailensa kwanza ili ekseli ipate njia ya kutoka. Lakini bolti ipo, nimeikaza mwenyewe, haisogei hata kidogo.

Nimpe yule fundi injini afungue? Au ninunue sailensa? Nisaidie mzee wangu.

Niliyechoka kutazamwa barabarani

*

Marahaba, mwanangu.

Usifungue injini. Na sailensa usinunue bado.

Barua yako imejijibu yenyewe nusu nzima, ila majibu umeyazika: moja liko mwishoni kwenye habari ya tairi, jingine liko kwenye utani wa mkeo. Nitafika huko. Kwanza tuiondolee injini lawama, na tufanye hivyo kwa ushahidi, maana fundi aliyetaja valvu anaweza kukurudia na maneno matamu.

Valvu iliyolegea hugonga kwa mpigo, tik tik tik, na mpigo huo huifuata injini popote iendako. Ukiongeza mafuta unakwenda mbio, ukipunguza unapoa, na ukisimama injini ikinguruma taratibu ndipo unausikia vizuri zaidi. Haiwezekani uzaliwe kwenye 4,000 ufe kwenye 4,600. Tena valvu haina habari kama kiti cha nyuma kina mtu. Cheni ya taimingi, ile ya ndani ya injini inayoendesha valvu, ikilegea hukoroma ubavuni mwa silinda, aghalabu unapoachia mafuta. Klachi utaijua kwa kuibana: simama, weka nyutro, bana mkono wa klachi, na mlio ukikatika hapo hapo basi mtuhumiwa umempata. Uko pia mlio wa petroli kuungua vibaya ndani ya silinda, unafanana na changarawe, lakini huo huja injini ikiwa imelemewa, kwenye mlima na gia kubwa. Wako ni kinyume. Wako unanyamaza ukibeba mzigo.

Mlio unaochagua mizunguko fulani tu ni tabia ya kitu kilichoning'inia. Bana rula ukingoni mwa meza, ipige kwa kidole: inatetema kwa kasi yake yenyewe, na ukiirefusha au kuifupisha kasi inabadilika. Kila bati na kila bomba kwenye pikipiki liko hivyo. Injini yako kwenye mizunguko 4,200 kwa dakika inazunguka mara 70 kwa sekunde, na pistoni moja, isiyo na mwenzake wa kumtuliza, inaitikisa fremu kwa kasi hiyo hiyo. Kikiwepo kitu kilicholegea ambacho kasi yake ya kutetema iko jirani na 70, kinaanza kucheza ngoma. Ukipita hapo kinatulia, na ubovu unabaki palepale. Hiyo ndiyo swichi unayoisikia.

Kuhusu asubuhi kuwa kimya: bomba la chuma lenye urefu wa mita 1 huongezeka kama milimita 1.2 kwa kila digrii 100 za joto. Bomba lako likipanda digrii 300 kutoka lilivyolala usiku, hesabu zaidi ya milimita 3. Shingoni limefungwa kwenye silinda, haliwezi kwenda mbele, kwa hiyo linasukuma kurudi nyuma. Nafasi iliyokuwepo asubuhi inafungika, au iliyokuwa imebanwa inafunguka. Dakika zako 10 ndizo hizo.

Sasa mdogo wako. Toka nje uchuchumae upande wa ekzosi, utazame kikanyagio cha abiria kimefungwa wapi. Kwenye pikipiki nyingi za ukubwa huo, kikanyagio na sailensa vinashikwa na chuma kimoja, au vyuma viwili vinavyokutana kwenye bolti moja. Mdogo wako akiweka mguu, anakandamiza chuma kile chini, na kilichokuwa kikicheza kinabanwa. Pikipiki haimwonei haya. Anaikanyaga penye kidonda.

Kidonda kipo pale pale ambapo mtu wa tairi alifungua bolti.

"Nimeikaza mwenyewe, haisogei." Bolti kukaza ni habari moja, sailensa kushikwa ni habari nyingine. Tazama jinsi pale mahali palivyotengenezwa. Sikio la sailensa, yaani kibati kinachoifunga kwenye fremu, lina tundu pana, ndani ya tundu kuna raba ya duara, na ndani ya raba kuna pete ya chuma kama kipande cha bomba jembamba, urefu wake umezidi unene wa raba kidogo tu. Bolti inapita ndani ya pete. Unapokaza, bolti inaibana pete dhidi ya fremu, chuma kwa chuma, na sailensa inabaki imeelea juu ya raba. Hivyo mtikisiko unamezwa, na bomba likirefuka kwa joto lina pa kwenda.

Pete hiyo haijashikwa na kitu. Ukichomoa bolti huanguka yenyewe, inajiviringisha chini ya meza au inaondoka na takataka. Anayefunga akiwa na haraka hurudisha bolti bila pete. Bolti inaingia mpaka nyuzi zake ziishe, inakaza kweli kweli, lakini inachobana ni raba tupu, au haibani kitu. Raba inaumuka pembeni, inaiva kwa joto, tundu linakuwa yai. Baada ya wiki moja sikio la chuma linaigonga bolti mara 70 kwa sekunde. Umesema ilianza baada ya muda gani vile? Wiki moja hivi.

Siku nyingine kinachopotea siyo pete bali ile wosha pana ya nje, na kichwa cha bolti kinazama ndani ya raba. Matokeo ni yale yale.

Basi fanya hivi, ekzosi ikiwa baridi kabisa. Shika mkia wa sailensa uutikise, juu na chini, kisha ndani na nje. Nzima hukubali kidogo na kurudi bila sauti, kama kiti chenye sponji. Yako nadhani itasema tok. Kama husikii kitu, weka ncha ya kidole cha mkono wa pili katikati ya mpaka, nusu ya kidole iguse sikio la sailensa, nusu iguse fremu, halafu tikisa tena. Kidole kinasikia mwendo ambao jicho haliuoni. Hii ndiyo zana ninayoitegemea kuliko zote, na haijawahi kunipotea karakanani.

Ukishamaliza na baridi, mtafute mlio ukiwa hai. Uwe nje, siyo ndani ya chumba wala banda lililofungwa, kwa kuwa moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Endesha kwanza mpaka ianze kulia, rudi, isimamishe, nyutro, mwenzako ashike mafuta kwenye hiyo 4,200. Isipolia ikiwa kwenye stendi kubwa, ishushe na mwenzako aikalie, kwa sababu fremu inabebeka tofauti. Vaa glavu, chukua mpini mrefu wa nyundo, yaani mbao, kisha kandamiza mahali pamoja baada ya pengine. Anza na kikanyagio cha abiria. Halafu mkia wa sailensa, kava la bati linalokinga mguu na joto, stendi, kilinda cheni, kibati cha namba. Sauti ikifa, umekaribia. Nimesema umekaribia kwa makusudi: chuma husafirisha sauti mbali, na sikio likiwa juu ya kiti hudanganyika. Niliwahi kuhangaika nusu siku na ekzosi ya mtu, nikaifungua nikaifunga, mwisho nikagundua ni fungu la funguo lililokuwa likigonga kwenye usukani. Nilimwambia ukweli, na sikumdai hela.

Kava la joto nalitaja kwa herufi kubwa, kwani ndilo mtuhumiwa namba mbili. Ligonge kwa kifundo cha kidole. Likijibu kwa sauti fupi, liko sawa. Likilia kama sahani, skrubu yake imelegea au tundu limeliwa na kutu. Hapo wosha pana inatosha. Skrubu ikiwa imeshakatikia ndani, klipu kubwa ya chuma cha pua, ya aina inayofunga mipira ya maji, ukiizungushia bomba na kava kwa pamoja inashika miaka. Haipendezi, lakini inashika.

Yule wa sailensa kuoza ndani simdharau. Inatokea, hasa kwa pikipiki za safari fupi fupi. Lita 1 ya petroli ikiungua huzaa maji yanayokaribia lita 1, yanatoka kama mvuke, na ekzosi isiyopata muda wa kushika moto vizuri hubaki nayo tumboni. Ndiyo maana sailensa nyingi zina kitundu kidogo chini. Wapo wanaokiona, wanadhani ni kutu, wanakichomelea. Usikizibe. Kama kweli vibati vya ndani vimeachia, ukishaitoa sailensa uitikise kama njuga utavisikia vikizunguka, na ukiipiga kwa ngumi itajibu kwa kokoto. Ikiwa kimya, mwambie akuonyeshe alichokiona yeye kwa kutazama.

Ukiikuta pete haipo, ekzosi ikusanywe upya kwa utaratibu wake, na hapa nina ugomvi na wewe. Umekaza nati za shingo mpaka spana ikateleza. Zile stadi, yaani vijiti vya nyuzi vinavyoshika nati hizo, ni ndogo, zimeungua na kupoa mara elfu, na zimechimbiwa kwenye aluminiamu. Ikikatika moja, fundi wako wa valvu atapata sababu halali ya kugusa injini. Zipulizie mafuta ya kulegeza kutu, ziache zikae saa kadhaa, zilegeze taratibu zikiwa baridi: fungua robo, rudisha kidogo, fungua tena.

Kisha legeza kila kitu. Weka gasketi mpya, ile pete ya kuziba moshi, shingoni, maana ile ya zamani imeshalalia umbo lake na hairudi. Ingiza bomba, nati za shingo zishike kwa vidole tu. Nenda nyuma, weka raba mpya, pete, wosha, pitisha bolti. Bolti ipite bila kulazimishwa. Kama inabidi kuivuta sailensa ili tundu lilingane, bomba limepinda au limekaa vibaya, na ukilifunga likiwa limejikunja litatafuta pa kulilia. Ikishapita, sasa kaza shingo, huku kidogo na huku kidogo, mpaka zote zilingane kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako. Bolti ya nyuma iwe ya mwisho. Paka nyuzi grisi ya shaba ili siku nyingine zifunguke. Nati yenye plastiki ndani usiiweke karibu na shingo, itayeyuka, na gundi ya kawaida ya bolti nayo hulainika kwenye joto. Weka nati ya kujikaza ya chuma kitupu.

Washa kabla haijapata moto, nyunyiza maji ya sabuni shingoni. Povu likitoka kwa mpigo, moshi unavuja hapo. Ukiona masizi meusi yamechora kama mkia kutoka kwenye maungio, ulikuwa unavuja hata kabla. Endesha siku moja, iache ipoe usiku mzima, rudia kukaza mara moja. Ikiwa ya moto usiguse spana.

Waya na raba ya tairi vitupe. Raba unajua mwenyewe ilivyonuka. Waya unaifunga sailensa kwenye fremu bila kitu cha kumeza mtikisiko, na chuma cha sikio kitapata ufa ambao waya hauuonyeshi.

Kabla hujanunua chochote, rudi kwa aliyekubadilishia tairi. Usiende kwa ugomvi, maana ndivyo kazi ilivyo, hata mimi zimenitoroka. Muulize kama ana kopo la bolti na wosha zisizo na mwenyewe. Kila karakana inalo. Limwage kwenye gazeti, utafute pete ya chuma isiyo na nyuzi, fupi kuliko kifundo cha kidole gumba, ambayo bolti yako inapita ndani bila kugusa. Huenda bado ina alama nyeusi ya raba yako.